Mfalme wa Kona na Meza ya Pasi

Jumatatu, 3 Machi

Siku kuu! Nafasi imetokea. Kundi la Moshi Mweupe linatafuta dereva mmoja. Mmoja tu! Shangazi mwenyewe ametangaza jioni hii kwa ile sauti yake ya taratibu, huku nyuma yake birika likipiga mluzi. Mchujo Jumapili hii, fainali Jumamosi ya wiki ijayo. Nimejiandikisha kabla hajamaliza sentensi. Jina langu la mchezoni ni Mfalme wa Kona. Nilijichagulia mwenyewe.

Kwa faida ya watakaosoma shajara hii nikishakuwa maarufu, nieleze kidogo. Kuna mchezo wa magari wa mtandaoni. Watu wa kawaida wanashindana nani afike kwanza. Hao ni watu wa pupa, tuwaache. Sisi tunaserereka. Gari linaingia kona ubavu ubavu, matairi ya nyuma yanatoa moshi, pua inatazama ndani, na dereva anageuza usukani upande wa pili akiwa ametulia kama anakoroga chai. Hatushindani kufika. Tunashindana kupendeza. Tunakwenda wawili wawili: mmoja anaongoza, mwingine anamfuata karibu kabisa bila kumgusa, akifanya kila anachofanya mwenzake. Majaji wanatazama, kisha wanatoa alama kwa mia.

Na katika mchezo huu hakuna kama Shangazi. Jina lake halisi hatulijui. Tunajua tu kwamba ana wajukuu, maana huwa anawaambia wakanawe mikono huku gari lake likipita ukingoni mwa ukuta kwa upana wa kidole. Hana haraka. Hapigi kelele. Nilipomwona mara ya kwanza niliweka usukani chini nikawa natazama tu, chakula kikapoa. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Kwa nini naitaka nafasi hiyo? Nitasema ukweli, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Shuleni nilikuwa mchezaji wa akiba, na siku timu nzima ilipougua tumbo, mechi iliahirishwa. Kazini nasaga lenzi katika chumba cha nyuma cha duka la miwani, na wateja wanamsifu bosi kwa miwani niliyokata mimi. Nina miaka arobaini na miwili na sijawahi kumsikia mtu akinionyesha kidole na kusema: huyu ni wetu. Nataka ile nembo yao ya wingu jeupe kwenye mlango wa gari langu. Basi.

Habari mbaya moja. Shemeji naye amejiandikisha. Ni mdogo wake mke wangu, anakaa ghorofa ya juu yetu, anafundisha watu kuendesha magari. Mchezoni anaitwa Mwalimu. Huwasha indiketa hata mchezoni! Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumanne, 4 Machi

Nimegundua siri. Nashangaa hakuna aliyewahi kuifikiria.

Mchezo wenyewe, yaani mashine, hutoa pointi zake pembeni ya kioo cha kompyuta. Gari likikaa ubavu pointi zinapanda, na ukiunganisha mserereko mmoja na mwingine bila kunyooka, zinazidishwa. Sasa, nani amesema lazima iwe kwenye kona? Barabara iliyonyooka ni ndefu mno. Nikaanza kuyumba kushoto, kulia, kushoto, kulia, kutoka mwanzo hadi mwisho. Pointi zikapanda mpaka namba zikakosa nafasi zikaanza kujipunguza ukubwa. Rekodi ya chumba chetu cha mtandaoni! Nikasubiri makofi.

Hayakuja. Kisha Shangazi akasema kwa upole kwamba barabara nimeifagia vizuri sana, mwanangu, haijabaki hata takataka moja.

Nilifurahi mno. Nilimshukuru mara mbili. Wakati wa kula nikamsimulia mke wangu, na shemeji, ambaye alikuwa ameshuka kuazima chumvi, akakohoa. Akanieleza kwamba pale chumbani kuyumba kwenye barabara iliyonyooka ili kukusanya pointi kunaitwa kufagia, na kwamba ni aibu, sawa na mtu anayejipakulia nyama zote kwenye sahani ya wageni. Pointi za mashine hakuna anayezitazama. Zinazohesabiwa ni alama za majaji, na majaji wanatazama mstari wako, pembe ya gari, na heshima.

Nikamwambia nilikuwa najua. Nilikuwa nawapima.

Jumla ya siku: aibu. Lakini rekodi ni rekodi, na bado ipo pale kwenye ubao.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango mpya: heshima. Kama wanataka heshima, nitawapa mpaka waikinai.

Kanuni za chumba ni hizi. Ukiingia unasalimia. Unapanga foleni kushoto, humruki mtu. Aliye katikati ya mserereko ana haki ya barabara. Ukizunguka ukasimama, unabaki pale pale mpaka wenzako wapite, hurudi nyuma kama mlevi. Anayeongoza hafanyi la ghafla, kwa sababu maisha ya aliye nyuma yake yako mikononi mwake. Na ukimgonga mtu, unapiga taa mara mbili. Hiyo ndiyo samahani yetu.

Nikaona kwamba anayepiga taa hushukuriwa na chumba kizima. Hapo nikapata wazo. Nikamsukuma Mwalimu kidogo kwenye kona ya pili, si sana, akaenda kwenye majani. Nikapiga taa mara mbili. Kisha mara mbili nyingine kwa uzito. Nikasubiri sifa. Mwalimu, akiwa majanini, akajibu kwa taa moja, maana yake usijali. Chumba kizima kikamsifu yeye! Ana moyo, wakasema. Ametulia, wakasema. Mimi niliyefanya kazi yote ya kugonga hakuna aliyenitaja.

Nikabadili mbinu. Nikaanza kupiga taa kabla. Fundi bomba, mmoja wa majaji, akauliza zile taa ni za nini wakati hakuna aliyegongwa. Nikamwambia ni za baadaye. Akaomba nisimfuate.

Mke wangu anasema meza ya pasi imelegea pale kwenye kishikizo. Ni kweli nimefunga usukani juu yake, kwa sababu ina urefu mzuri. Anapiga pasi sare zake za uuguzi kwenye meza ya chakula na hafurahii. Nimemwambia wakubwa wote walianza hivi.

Ijumaa, 7 Machi

Kazini mambo yameharibika, ila si kosa langu. Ni kosa la sanaa.

Kuna lenzi ambazo pembe yake ndiyo kila kitu. Ukiikosea, mteja anaiona dunia imelala. Juzi nilikuwa nakata lenzi za karani mmoja mstaafu huku nikiifikiria pembe ya Shangazi kwenye Kona ya Mnara, ile kona ndefu inayozunguka mnara wa saa, ambako gari lake linalala mpaka unaona milango yote miwili ya upande mmoja na bado linakwenda mbele. Nadhani pembe ya Shangazi iliingia kwenye lenzi.

Leo karani amerudi. Ameingia dukani ubavu ubavu, bega moja mbele. Analalamika kwamba mlango wa nyumba yake umeegama na kwamba mke wake ameanza kumuuliza anakunywa nini. Bosi akaniita kutoka chumba cha nyuma. Nilimtazama yule mzee akitembea kuelekea kwenye kiti. Kwa kweli pembe ilikuwa nzuri. Mstari pia haukuwa mbaya. Ningempa sabini na tano.

Nililisema hilo kwa sauti. Heri nisingelisema.

Bosi amesema nikate lenzi mpya leo leo na nisitoke mpaka karani auone mlango wima. Nimezikata. Zimekaa sawasawa, na karani ametoka ameshika ukingo wa mlango kwa furaha. Akamshukuru bosi.

Jumapili, 9 Machi

Mchujo! Nimepita! Mfalme wa Kona amepita!

Lazima niliandike hili vizuri. Waombaji tulikuwa sita, na kila mmoja alitakiwa kumfuata Shangazi mzunguko mmoja. Nilikuwa wa tatu. Nilisalimia. Nilipanga foleni kushoto. Taa sikupiga hata moja.

Akaondoka. Jamani! Sijui nieleze vipi. Nilikuwa nimemtazama mara nyingi kutoka pembeni, lakini sikuwahi kuwa nyuma yake. Ni kama kushikwa mkono kuvuka barabara. Kabla hajaingia kona, gari lake linakuambia. Pua inaegama kidogo, moshi unaanza mwembamba, na wewe unajua: sasa. Unageuza, na gari lako linalala lenyewe. Mahali penye ukuta alipanua njia ili nami nipate nafasi. Mahali nilipochelewa alinisubiri, bila kuonekana anasubiri. Kona ya Mnara, ambayo hunitupa nje kila siku, tuliimaliza wote wawili kwa moshi mmoja. Nilijisikia nacheka peke yangu kwenye hedifoni. Nilikuwa na furaha ambayo siikumbuki tangu siku ya harusi yangu, na harusini nilikuwa na viatu vya kubana.

Alama: themanini na nane! Kwa mia! Mimi!

Mwalimu amepata tisini, kwa sababu ya bahati. Wengine wanne wametolewa. Fainali ni mimi na yeye.

Nimetafakari na nimefikia uamuzi kwamba nina kipaji. Kilikuwa kimejificha kwa sababu nilikuwa sijapewa mazingira.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemsomea mke wangu alama zangu wakati wa kifungua kinywa, na tena wakati wa chakula cha jioni. Akaniuliza kama nilizipata kwa kumfuata yule mama. Nikasema ndiyo. Akauliza kama waliobaki nao walimfuata yule yule. Nikasema ndiyo. Akauliza waliotolewa walipata ngapi. Nikasema themanini na kitu. Akaendelea kumenya kitunguu. Kisha akasema kwamba mtu akibebwa mgongoni asije akasifu miguu yake.

Wauguzi wana maneno makali. Nadhani ni kwa sababu ya sindano.

Taarifa kutoka kwa Shangazi: fainali ina mizunguko miwili. Wa kwanza Mwalimu anaongoza, mimi nafuata. Wa pili mimi naongoza, yeye anafuata. Nikauliza kama Shangazi mwenyewe hawezi kuongoza yote miwili, kwa ajili ya usawa. Mpishi wa hoteli, jaji wa tatu, alicheka mpaka akaangusha kitu chenye mfuniko. Shangazi akasema kufuata ni kusoma, kuongoza ni kuandika ili mwenzako asome. Maneno mazuri. Nimeyaandika hapa. Bado sijajua yananisaidia nini.

Jumatano, 12 Machi

Upelelezi. Nimejiandikisha kwenye chuo cha udereva cha shemeji ili nijue udhaifu wake.

Leseni ninayo miaka kumi na tano sasa. Alinitazama, akatazama fomu, akasema karibu, shemeji, funga mkanda. Gari lao lina pedali pande zote mbili, zake na zangu. Mpango wangu ulikuwa rahisi: kufanya la ghafla, nione atafanyaje.

Nikakanyaga breki bila taarifa mbele ya duka la vitambaa. Mguu wake ulikuwa umeshafika kwenye breki yake! Nikajaribu kukata kushoto bila indiketa. Mkono wake ulikuwa umeshashika usukani. Nikajaribu mbele ya kituo cha mafuta, mbele ya shule, mbele ya trafiki (hilo lilikuwa kosa). Kila mara alikuwa ametangulia. Hakukasirika hata mara moja. Alikuwa anasema tu, pole pole, kioo, indiketa, haya.

Nikamuuliza anajuaje. Akasema mwanafunzi kabla hajakosea hukunja bega. Akasema kutwa nzima kazi yake ni kukaa kando ya makosa ya watu, kwa hiyo ameyazoea, huyaona yakija kutoka mbali kama unavyomwona mtu unayemjua. Alisema hivyo bila majivuno, akifuta kioo.

Nimerudi nyumbani nikiruka. Udhaifu nimeupata! Ni mwoga! Mguu haubanduki kwenye breki! Mtu wa namna hii ukimfanyia la ghafla atasimama kabisa, na anayesimama wakati wa kufuata hapati alama.

Hivyo basi: mzunguko wa pili, Kona ya Mnara, katikati ya mserereko, nakanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Yeye anaogopa, anasimama, mimi naendelea na moshi wangu. Najua kanuni inasema anayeongoza hafanyi la ghafla. Lakini si litakuwa la ghafla kwake tu? Mimi nitakuwa nalijua tangu Jumatano.

Alinipa sita kwa kumi kwenye kuegesha. Wivu.

Ijumaa, 14 Machi

Maandalizi ya mwisho. Nimefanya mazoezi ya kukanyaga breki kwa nguvu mara nyingi, bila gari, ili nguvu zisipungue. Jirani wa chini amepiga dari na ufagio.

Mke wangu amesema tena kuhusu kile kishikizo cha meza ya pasi. Hii ni mara ya tatu. Amesema kinahitaji skrubu, na kwamba nikikisukuma kitakuja kujikunja. Nimemwambia kesho nikiingia Moshi Mweupe nitamnunulia meza mpya. Akasema hataki meza mpya, anataka ya zamani iliyosimama. Kisha, hili nalo nitaliandika, akanikunjia kola ya shati na kusema nifanye vizuri, na kwamba hata nisipopata yeye hana shida na mimi.  Nikamuuliza kama ameona betri za hedifoni.

Nimechora kwa penseli mahali nembo itakapokaa kwenye mlango wa gari, kwenye karatasi. Imependeza sana.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika nikiwa sakafuni. Hapa hapa panatosha.

Saa kumi jioni, chumba kimejaa watazamaji. Tumesalimiana. Mzunguko wa kwanza, Mwalimu anaongoza. Aliwasha indiketa kabla ya kila kona! Watu walicheka, lakini mimi niliyekuwa nyuma niliona raha. Sikuhitaji kubahatisha. Nilimfuata nikiwa ninapumua kama binadamu, nikateleza mbali kidogo kwenye kona ya tatu, akapunguza ili nimfikie. Alama zangu sabini na moja. Zake kwa kuongoza tisini na mbili. Nikasema moyoni: subiri.

Mzunguko wa pili. Naongoza. Barabara iliyonyooka, nikafagia kidogo, mazoea. Kona ya kwanza majani. Kona ya pili nilikwenda upande ambao hata mimi sikuutarajia. Kila nikitazama kwenye kioo cha nyuma, Mwalimu yupo, mlangoni kwangu, pembe ile ile. Majani yale yale! Nikaona huyu hatoki kwa kawaida. Kona ya Mnara ikaja. Nikaingia, gari likalala, moshi, nikahesabu moyoni, na nikakanyaga.

Nilikanyaga kweli. Pedali ikaondoka. Zulia likaondoka na pedali. Meza ya pasi ikatoa sauti kama mtu anayekumbuka jambo, kishikizo kikaachia, ikapiga magoti polepole, na usukani ukashuka nao, nami nikashuka na usukani, kwa sababu dereva hauachi usukani. Nikiwa nimelala juu ya zulia niliona kwenye kioo gari langu likitoka barabarani kinyumenyume, likapasua ukuta wa matairi, likaingia mchangani, likalizunguka bango la matangazo mzunguko mzima, na kusimama likiutazama mnara kana kwamba linauliza saa.

Na nyuma yake, Mwalimu. Ubavu ule ule. Kinyumenyume vile vile. Tundu lile lile kwenye ukuta wa matairi. Akalizunguka bango, moshi na mchanga vikipanda pamoja, akasimama mlangoni kwangu, umbali wa kiganja. Hakunigusa.

Birika la Shangazi likapiga mluzi. Kisha fundi bomba akaanza kupiga makofi, na wote wakafuata.

Nikapinga! Nikiwa chini, nikapinga. Nilisema ametoka nje ya barabara. Shangazi akasoma kanuni kwa upole: mfuasi huhukumiwa kwa kumfuata aliyetangulia, na aliyetangulia akienda mchangani, mchanga ni wa aliyetangulia. Mwalimu, tisini na saba. Hakuna aliyewahi kupata. Mimi kwa kuongoza, sita. Nikauliza sita za nini. Mpishi akasema za kusalimia.

Kisha Mwalimu akapiga taa mara mbili. Ananiomba samahani! Kwa lipi?

Jumapili, 16 Machi

Sikutoka kitandani mpaka saa nne. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini leo ni mwisho wa uhunzi.

Nimeirudia rekodi ya ule mzunguko. Mara nyingi. Nataka kumchukia na nashindwa. Magari mawili yanatoka barabarani kama yamekubaliana, yanalizunguka lile bango kama watu wawili wanaojuana siku nyingi. Ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuwamo. Nililia kidogo. Mke wangu aliona, akaweka chai karibu.

Mchana shemeji akashuka na bisibisi na skrubu. Akaitengeneza meza ya pasi, akaitikisa, ikasimama imara. Nembo ya wingu jeupe amepewa, lakini alikuwa hajaiweka, alikuwa anaona haya mbele yangu. Akasema zile tisini na saba nusu ni zangu, maana hajawahi kumfuata mtu mgumu vile. Nikamwambia ni zaidi ya nusu. Nikamuuliza kwenye Kona ya Mnara alijuaje, kwa kuwa bega langu hakuliona. Akacheka. Akasema hata gari langu hukunja bega.

Nikamwambia aibandike hiyo nembo, isije ikapotea. Akapanda juu mbio. Niliwaza kwamba mimi nimebaki akiba tena.

Mke wangu amepiga pasi sare zote nne akiimba.

Jumanne, 18 Machi

SIMU! Nilikuwa kazini, chumba cha nyuma, nasaga lenzi. Bosi akaja na simu yangu niliyokuwa nimeisahau kaunta, akasema kuna mama mmoja anamtafuta Mfalme wa Kona, na je, tunamjua mtu huyo?

Ni Shangazi! Sauti ile ile. Akasema majaji wamekaa wakazungumza. Kuanzia sasa kila mwombaji mpya hatamfuata yeye tena, kwa sababu nyuma yake kila mtu anaonekana dereva, hata asiye dereva. Wameona ni afadhali waombaji wamfuate mtu mwingine. Mtu ambaye hakuna anayeweza kujua atafanya nini, hata yeye mwenyewe. Akasema anayeweza kunifuata mimi ataweza kumfuata yeyote duniani.

Kwa kazi hiyo nitakuwa mwanachama kamili. Nembo. Wingu jeupe. Nyuma yake nilisikia mjukuu akiuliza unaongea na nani, na Shangazi akajibu, waziwazi kabisa: huyu ni wetu.

Nilikaa kwenye kasha la fremu. Bosi akauliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, nimechaguliwa kuwa kipimo cha taifa. Akasema hongera, na lenzi za mwalimu wa chekechea zinasubiri.

Nimekwisha kuibandika nembo. Nimeitazama mpaka chakula kikapoa. Mke wangu amenishika bega, shemeji ameshuka na soda tatu, na jioni ilikuwa nzuri sana.

Jambo moja tu limenishangaza. Kabla hajakata simu, Shangazi alinisihi nisibadilishe chochote. Hasa nisifanye mazoezi. Alirudia: mazoezi hapana, mwanangu, tafadhali, tunakutaka hivyo hivyo. Nimelitafakari jambo hili nikala nalo chakula chote, na sasa nimelielewa. Maskini, anaihofia nafasi yake! Ameona kipaji kikipata mazoezi kitamwondoa kwenye kiti.

Namheshimu mno, lakini Mfalme ni Mfalme. Kesho asubuhi, mke wangu akienda zamu, nafungua ile skrubu ya shemeji, maana inabana mikono yangu, naanza mazoezi kwa siri. Naanza na barabara iliyonyooka. Ile rekodi yangu ya kufagia bado haijavunjwa na mtu.